Dawa ya Mate? Istilahi za Atropini na Jamaa Zake katika Nusukaputi ya Wanyama

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoea kuzunguka swali moja: je, neno lipatikane kwa kutohoa, kwa kutafsiri au kwa kuunda upya? Swali hilo ni la haki, lakini mara nyingi huulizwa mapema mno, kabla mwanaistilahi hajakifahamu vya kutosha kitu anachokusudia kukipa jina. Makala haya yanachunguza kundi moja dogo la dawa, yaani zile ambazo madaktari wa mifugo huwapa baadhi ya wanyama kabla ya nusukaputi ili kuzuia athari za kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa mashuhuri zaidi katika kundi hili ni atropini na glaikopiroleti. Dai letu ni kwamba jina linalotokana na matumizi ya dawa huweza kumpotosha mtumiaji, ilhali jina linalotokana na utendaji wake humwongoza hata pale matumizi yanapobadilika.

Kundi hili tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, matumizi yake yamebadilika: dawa iliyokuwa ikitolewa kwa desturi kwa karibu kila mnyama anayepasuliwa, leo hutolewa kwa kuchagua. Pili, athari zake hutofautiana baina ya mnyama na mnyama, kiasi kwamba lililo kweli kwa mbwa huenda lisiwe kweli kwa ng'ombe wala farasi. Istilahi itakayofaa lazima ihimili mambo yote mawili.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Elimu ya tiba ya mifugo katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya hutolewa kwa Kiingereza, lakini mazungumzo kati ya daktari, msaidizi wake na mfugaji aghalabu hufanyika kwa Kiswahili. Neno likikosewa katika mazungumzo hayo, anayelipa ni mnyama, na baada yake mwenye mnyama.

2.0 Utata wa "dawa ya"

Mzungumzaji wa Kiswahili anapotaka kuitaja dawa asiyoijua kwa jina lake maalumu, hutumia muundo wa nomino "dawa" ikifuatwa na -a unganifu pamoja na nomino nyingine au kitenzi-jina. Muundo huu ni mwepesi na una tija kubwa. Hata hivyo, uhusiano unaobebwa na -a hiyo si mmoja. Tuangalie mifano ifuatayo:

(a) dawa ya kikohozi
(b) dawa ya usingizi
(c) dawa ya macho
(d) dawa ya panya
(e) dawa ya kunywa

Katika (a) kinachotajwa baada ya -a ni kitu cha kuondolewa. Katika (b) ni kitu cha kuletwa, kwani anayeomba dawa ya usingizi hakusudii kukesha. Katika (c) ni mahali pa kutiwa dawa, na katika (e) ni namna ya kuitumia. Mfano (d) unatisha zaidi: dawa ya panya humuua panya. Daktari wa mifugo akisema "dawa ya mbwa" hatumdhanii kuwa na nia hiyo, lakini kinachotuokoa hapo ni muktadha na ujuzi wetu wa ulimwengu. Sarufi haikutusaidia kitu.

Katika mazungumzo ya kila siku utata huu haudhuru, kwa sababu wazungumzaji wanashiriki ujuzi wa kikohozi, usingizi na panya. Hali hubadilika tunapoingia katika famakolojia. Chukua jina "dawa ya mate". Je, ni dawa ya kuleta mate au ya kuyaondoa? Zipo dawa za aina zote mbili, nazo hufanya kazi zinazopingana. Mtu anaweza kujibu kwamba tatizo litatatuliwa kwa kuongeza kitenzi, tupate "dawa ya kukausha mate". Kwa hakika utata wa kisarufi utakuwa umeondoka. Lakini, kama tutakavyoona katika sehemu ya 5.0, kosa litakuwa limehama kutoka kwenye sarufi na kuingia kwenye ukweli wa mambo.

Majina mengine mawili hujitokeza kwa urahisi. La kwanza ni "dawa tangulizi", yaani dawa itolewayo kabla ya nusukaputi. La pili ni tafsiri ya moja kwa moja ya jina la kimataifa, ambayo ingetupa "dawa dhidi ya kolini". Kabla ya kuyapima majina haya hatuna budi kueleza dawa zenyewe hufanya nini mwilini.

3.0 Utendaji wa dawa hizi

Mwaka 1921, huko Graz nchini Austria, Otto Loewi alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa mioyo ya vyura. Aliichochea neva ya vagasi ya moyo mmoja mpaka mapigo yake yakapungua. Kisha aliuchukua ugiligili uliokuwa ndani ya moyo ule akautia katika moyo wa pili, ambao neva yake haikuguswa. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo. Ilidhihirika kwamba neva hutoa kemikali, na kwamba kemikali hiyo ndiyo inayofikisha ujumbe. Baadaye ilitambulika kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Asetilikolini hufanya kazi kwa kushika sehemu maalumu za seli ziitwazo vipokezi. Vipokezi vyake viko vya aina kuu mbili. Vipokezi vya muskarini hupatikana hasa katika moyo, tezi, misuli laini ya utumbo na njia za hewa, na katika misuli inayokaza mboni ya jicho. Vipokezi vya nikotini hupatikana, pamoja na mahali pengine, pale neva inapokutana na misuli ya viungo. Asetilikolini ikishika vipokezi vya muskarini, mapigo ya moyo hupungua, mate na kamasi hutoka, utumbo husukuma chakula, njia za hewa hubana, na mboni husinyaa.

Atropini haiiharibu asetilikolini wala haizuii kutengenezwa kwake. Hukalia kipokezi cha muskarini bila ya kukiamsha, mfano wa mtu aliyewahi kuketi katika kiti cha mwenzake. Mwenye kiti yupo, lakini hana pa kukaa. Asetilikolini ikizidi sana huweza kumng'oa mkaaji, na dawa ikiongezwa huweza kukirudia kiti. Ni ushindani wa wingi, wala si vita vya kuangamizana. Ikiwa kipokezi kimekaliwa, athari tulizozitaja hapo juu hugeuka: mapigo ya moyo huongezeka, ute hupungua, utumbo hutulia, njia za hewa hupanuka, na mboni hutanuka.

Atropini hutokana na mimea ya jamii ya mnavu, na ilitengwa katika hali safi nchini Ujerumani katika miaka ya 1830. Jina lake limetoka kwa mmea uitwao Atropa belladonna, ambao Linnaeus aliupa jina la Atropos, mmoja wa miungu watatu wa kike wa Wagiriki waliosadikiwa kushika uzi wa uhai wa binadamu. Atropos ndiye aliyeukata. Mnanaha, mmea wenye matunda ya miiba unaoota katika mashamba na majalala ya Afrika Mashariki, nao una kemikali za jamii hiyo hiyo. Msomaji atambue kuwa sauti moja tu, /h/, ndiyo inayotenganisha mnanaha, ambao ni sumu, na mnanaa tunaoutia katika chai.

Glaikopiroleti ni dawa iliyotengenezwa na binadamu. Molekuli yake ina chaji ya umeme isiyoiacha kupenya kwa urahisi mafuta ya utando wa seli. Kwa sababu hiyo, tofauti na atropini, haiingii katika ubongo wala haivuki kondo la nyuma ila kwa kiasi kidogo sana. Kwa mbwa na paka, kipimo cha kawaida cha atropini kabla ya nusukaputi ni kati ya miligramu 0.02 na 0.04 kwa kila kilo ya uzito, na cha glaikopiroleti ni kati ya miligramu 0.005 na 0.01. Atropini huanza kazi haraka na kudumu kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu hivi. Glaikopiroleti huchelewa kidogo lakini hudumu zaidi. Tarakimu hizi tumezitaja ili kuonyesha uwiano, wala si agizo la tiba.

Sasa twaweza kulipima jina "dawa dhidi ya kolini". Kwanza, kolini na asetilikolini ni vitu viwili tofauti. Pili, katika Kiswahili "dhidi ya" huashiria uadui: chanjo dhidi ya kimeta, vita dhidi ya kupe. Msikilizaji atadhani kwamba dawa inaisaka kemikali fulani na kuiteketeza, jambo ambalo silo. Jina hili linasema uongo kuhusu mlengwa, na vilevile kuhusu tendo.

4.0 Kutoka desturi hadi uchaguzi

Nusukaputi kwa etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Etha ilileta faraja kubwa, lakini mvuke wake huwasha njia za hewa na kuchochea mate na kamasi kwa wingi. Mgonjwa asiye na fahamu hawezi kukohoa wala kumeza sawasawa, na ute ukimwingia mapafuni huweza kumuua. Katika mazingira hayo kulikuwa na sababu nzuri ya kutanguliza atropini, na desturi hiyo ikaingia pia katika upasuaji wa wanyama.

Etha iliachwa na mahali pake pakachukuliwa na dawa za kuvuta zisizowasha kiasi hicho, kama vile halotheni na kisha aisoflureni. Sababu ya kwanza ya kumpa kila mnyama atropini ikawa imedhoofika, ingawa desturi yenyewe haikukoma mara moja. Leo maoni yaliyoenea miongoni mwa wataalamu wa nusukaputi ya wanyama ni kwamba dawa hizi zitolewe pale penye sababu. Sababu kuu si mate tena bali ni moyo. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama vile mofini na fentanili, huiamsha neva ya vagasi na kupunguza mapigo. Kuvutwa kwa viungo vya tumboni au kubinywa kwa jicho wakati wa upasuaji huweza kuleta matokeo hayo hayo. Mbwa wenye pua fupi nao huelekea kuwa na vagasi yenye nguvu. Katika hali hizo kizuizi cha asetilikolini huweza kuokoa maisha.

Lakini si kila moyo unaopiga polepole unahitaji kuharakishwa. Zailazini na deksmedetomidini ni dawa za kutuliza zinazoamsha vipokezi vya alfa-2. Mojawapo ya athari zake za awali ni kubana mishipa ya damu. Shinikizo la damu hupanda, na moyo, kwa kujihami, hupunguza mapigo. Mtu akiyaona mapigo hayo na kukimbilia atropini, ataulazimisha moyo kwenda mbio dhidi ya mishipa iliyobana. Shinikizo litapanda zaidi, misuli ya moyo itadai oksijeni nyingi zaidi, na mapigo yaweza kuvurugika. Ndiyo maana kuchanganya dawa hizi mbili kwa desturi hakushauriwi. Zaidi ya hayo, kipimo kidogo cha atropini huweza kupunguza mapigo kwa muda mfupi kabla ya kuyaongeza. Hivyo hata jina "dawa ya kuharakisha moyo" lisingekuwa salama.

"Dawa tangulizi" nalo linaonyesha udhaifu wake hapa. Jina hilo hutaja wakati wa kutolewa, kwa hiyo linajumuisha dawa za kutuliza, za maumivu na nyinginezo zote zinazotangulia nusukaputi. Ni jina la kundi pana na kwa kazi hiyo linafaa. Haliwezi kuitambulisha atropini, ambayo pengine hutolewa katikati ya upasuaji, au pasipo upasuaji wowote. Mfano ulio karibu nasi ni wa majosho. Baadhi ya dawa zilizotumiwa kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe ni za jamii ya oganofosfeti. Mnyama akizinywa au zikimpenya kwa wingi, kimeng'enya kinachovunja asetilikolini huzuiwa, nayo hulimbikizana. Mnyama hutokwa na udenda, huhara, hupumua kwa taabu. Dawa ya kumwokoa ni atropini ile ile, kwa kipimo ambacho huweza kufika mara kumi ya kile cha nusukaputi. Hapo hakuna kinachotanguliwa.

5.0 Mnyama mmoja si mwingine

Turudi sasa kwenye "dawa ya kukausha mate". Kwa mbwa na paka jina hili lina ukweli wa kutosha. Kwa ng'ombe halina. Ng'ombe mzima hutoa mate yanayoweza kuzidi lita 100 kwa siku, nayo humsaidia kulainisha chakula na kupunguza asidi katika rumeni. Atropini katika vipimo vya kawaida haiyakomeshi mate hayo. Hupunguza sehemu yake ya majimaji, na kinachobaki huwa kizito na chenye kunata, kigumu zaidi kutoka katika njia ya hewa. Wakati huohuo utumbo na rumeni hutulia, gesi haipati pa kutokea, na tumbo hujaa. Mnyama aliyelazwa huku rumeni imejaa gesi hubanwa kiwambo na kushindwa kuvuta pumzi.

Kwa hiyo msaidizi aliyefundishwa kwamba hii ni dawa ya kukausha mate, akiletewa ng'ombe anayedondokwa na udenda, atafanya hasa lile ambalo jina limemwagiza, na atakuwa amekosea. Kinga iliyo bora kwa ng'ombe ni kumnyima chakula kwa muda kabla ya upasuaji, kumlaza kichwa kikielekea chini ili mate yatoke yenyewe, na kumtia katika koo bomba la hewa lenye puto la kuziba pembeni.

Kwa farasi tatizo kubwa ni utumbo. Utumbo ukitulia kupita kiasi, farasi hushikwa na msokoto wa tumbo, maradhi yanayoweza kumuua. Tena mboni zilizotanuka humfanya asione vizuri anapozinduka, naye ni mnyama mwepesi wa kushtuka. Kwa sungura jambo ni jingine kabisa: wengi wao wana kimeng'enya kinachoivunja atropini upesi, hivyo sindano iliyomtosha paka huenda isimfae sungura, na glaikopiroleti hupendelewa.

Tukiyatazama haya kwa jicho la mwanaistilahi, tunaona kanuni moja. Athari hubadilika kwa mnyama, kwa kipimo na kwa dawa nyingine zilizomo mwilini. Matumizi hubadilika kwa wakati. Ambalo halikubadilika katika mifano yote ni tendo la dawa kukalia kipokezi cha muskarini. Basi jina lifungwe hapo.

6.0 Pendekezo

Kiswahili kina muundo wa kuunda majina ya vitendea kazi kwa kuunganisha kiambishi ki-, kitenzi na nomino: kipazasauti, kinasasauti, kipimajoto. Muundo huu hauna utata wa -a unganifu, kwa sababu kitenzi kinataja tendo waziwazi na nomino ni yambwa wa kitenzi hicho. Kwa kuufuata, tunapendekeza istilahi "kizibakipokezi" kwa dawa yoyote inayokalia kipokezi bila ya kukiamsha. Wingi wake utakuwa "vizibakipokezi", kama ambavyo wingi wa kifunguakinywa ni vifunguakinywa, nomino ya ndani ikibaki ilivyo. Kitenzi "ziba" tumekipendelea kuliko "zuia" kwa kuwa kuzuia hakusemi ni wapi, ilhali kinachozibwa ni tundu au nafasi, na kipokezi ndiyo nafasi yenyewe.

Atropini na glaikopiroleti zitaitwa "vizibakipokezi vya muskarini". Hapa -a unganifu imerudi, lakini sasa ina kazi moja tu, ya kutaja aina ya kipokezi. Faida ya pendekezo hili ni kwamba linazaa. Dawa za kulegeza misuli zinazokalia vipokezi vya nikotini zitakuwa "vizibakipokezi vya nikotini". Dawa zilizo kinyume, zinazokiamsha kipokezi, zitakuwa "viamshakipokezi"; zailazini itaingia humo kama kiamshakipokezi cha alfa-2. Mwanafunzi akiyapata majina mawili haya ataweza kuona kwamba zailazini na atropini hazigusi kiti kimoja, na kwamba kuzichanganya ni jambo la kufikiriwa.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni urefu. Ni kweli kwamba "kizibakipokezi cha muskarini" si neno la kupigiwa kelele katika chumba cha upasuaji. Lakini katika chumba hicho dawa huitwa kwa jina lake binafsi, atropini au glaikopiroleti, na haya tumeyatohoa bila ya kusita. Istilahi ya kundi ni ya darasani, ya kitabu na ya karatasi ya maelezo. La pili ni kwamba mfugaji hataielewa. Hilo nalo ni kweli, wala haimpasi. Mfugaji ana haki ya maelezo, na maelezo hayo yaweza kuwa sentensi nzima: "Tutampa dawa ya kumzuia moyo usipungue mno mapigo." Hatari huzuka pale sentensi ya kumtuliza mfugaji inapogeuzwa kuwa istilahi ya kumfundishia tabibu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa majina manne yanayojitokeza kwa urahisi yana kasoro za aina tofauti. "Dawa ya mate" ina utata wa kisarufi. "Dawa ya kukausha mate" si kweli kwa wanyama wote. "Dawa tangulizi" ni pana mno. Na "dawa dhidi ya kolini" inamtaja mlengwa asiye mlengwa. Tumependekeza "kizibakipokezi cha muskarini" kwa sababu kinataja tendo lisilobadilika. Pendekezo hili linahitaji kujaribiwa na walimu wa tiba ya mifugo, ambao ndio watakaolitumia, na kulinganishwa na istilahi zilizokwisha kusanifiwa katika biolojia na kemia ili pasiwe na majina mawili kwa dhana moja.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta uwanja wa utafiti wataona kwamba dawa za kutuliza, za maumivu na za kuvuta zinangoja uchambuzi wa namna hii. Tunawahimiza waanze kazi hiyo kwa wataalamu wa fani, wajue kwanza kila dawa inagusa nini mwilini, ndipo warudi kwenye kamusi.